Kenga Lewa na Mwaka wa "Msinisindikize"

Ndugu waombolezaji, wazee wa Dabaso na Gede, mchungaji, wakwe zetu, na nyote mliofika kutoka Malindi, Kilifi na Mtwapa, historia hii imeandikwa na inasomwa na Thoya Kenga, baba mdogo wa marehemu, karani mstaafu, kwa idhini ya ukoo, leo Jumamosi tarehe 19 Novemba 1988. Mnaombwa kuisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu liko neno limesemwa juu ya marehemu kwa miaka minne hapa kijijini, kwamba alimtoa babake kafara ili apate jina katika muziki, na si vyema mtu azikwe na neno kama hilo kabla halijatazamwa.

Marehemu Kenga Lewa alizaliwa hapa Dabaso tarehe 11 Aprili 1951, akiwa kifungua mimba wa Mzee Lewa Kenga, mgema, na mkewe Mama Dama, ambaye yuko nasi hapa mbele. Wageni wasio wa kwetu waelewe kwamba mtoto wa kiume wa kwanza kwa Mgiriama hupewa jina la babu yake mzaa baba, ndiyo maana katika ukoo huu Kenga humzaa Lewa, na Lewa humzaa Kenga, na anayeyapindua majina hayo hataji mtu yule yule kwa namna nyingine, bali anamtaja babake, au anamtaja mwanawe. Jambo hilo halina uzito mtu akiwa anaitwa kula, lakini lina uzito likichapishwa.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1960, akiwa mkubwa kidogo kwa sababu alichunga mbuzi kwanza, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, akiwa na mwandiko mzuri na hesabu za wastani. Hakuendelea mbele, si kwa uvivu, bali nafasi zilikuwa chache. Mwaka 1968 aliajiriwa katika hoteli moja ya Watamu kuosha vyombo, mwaka 1970 akapandishwa kuwa mhudumu wa meza, na mwaka 1971 mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya alimwachia gitaa lenye nyuzi nne badala ya sita, akajifunza kwa nyuzi hizo nne miezi saba kabla hajapata nyingine, na waliolijua gitaa wanasema ndiyo sababu vidole vyake vilikuwa na mwendo ambao wengine hawakuweza kuuiga. Kufikia 1973 alikuwa katika bendi ya hoteli, akiwapigia wageni nyimbo za kwao, jambo ambalo Mzee Lewa alilieleza kwa watu kwamba mwanawe analipwa kuwakumbusha Wazungu mama zao.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na Bi Monicah Sidi katika kanisa la Gede, na Mungu akawajalia watoto watatu, Lewa Kenga aliyezaliwa mwaka 1977, Dama Kenga aliyezaliwa mwaka 1979, na wa tatu, wa kiume, aliyezaliwa Machi 1985, ambaye jina lake litatajwa mahali pake.

Mwezi wa Januari 1983 marehemu aliacha kazi ya hoteli, akaenda Mtwapa kupiga muziki wa Kiswahili katika baa moja, kwa mshahara mdogo kuliko ule aliouacha, akisema amechoka kuimba maneno asiyoyaelewa kwa watu wasioyasikiliza. Asubuhi ya kuondoka, Mama Dama alijifunga leso ya pili ili amfikishe barabarani, kama ilivyo desturi, kwani mgeni hasindikizwi mlangoni akaachwa, sembuse mwana. Marehemu akamwambia, "Mama, usinisindikize, jua kali, na ukifika barabarani utalia, mimi nitarudi nyumbani na kazi itanipita." Mama Dama akamjibu, "Basi nikusindikize kwa macho." Akasimama pale penye mkorosho mpaka mwanawe alipopotea. Katika njia hiyo ya maili moja na nusu, marehemu alitunga wimbo, na kufika barabarani ulikuwa umekwisha, akauita "Msinisindikize."

Vijana huuliza kwa nini watu wa pwani hii wakizungumzia muziki huutaja mwaka 1984 kuliko mingine, na wengi hupewa jibu fupi kwamba wakati ule nyimbo zilikuwa nzuri. Nyimbo nzuri zilikuwepo kabla yake na baada yake. Mwaka 1984 mvua haikunyesha, mahindi yalikauka kutoka Ganze mpaka Magarini, watu wakala unga wa manjano wa msaada, na kwa kuwa hapakuwa na chakula cha kulisha wageni, harusi ziliahirishwa, ngoma zikanyamaza, bendi za vijijini zikavunjika, na katika kimya hicho sauti iliyobaki ilikuwa ya redio. Tena ulikuwa mwaka ambao santuri na kanda zilikutana mlangoni, moja ikitoka na nyingine ikiingia, hata wimbo ukitoka kwa santuri asubuhi, jioni ulikuwa umenakiliwa kwenye kanda, na aliyekuwa hana gramafoni aliupata kwa betri nne. Kwa hiyo wimbo mmoja uliwafikia watu wote kwa wakati mmoja, nao hawakuwa na mwingine wa kuufunika. Wimbo huo ulikuwa wa Kenga Lewa. Wako akina mama hapa ambao ukiwauliza mtoto amezaliwa lini, hujibu, "Ni wa mwaka wa Msinisindikize," na hakuna anayeuliza zaidi.

Ulirekodiwa Nairobi mwezi wa Novemba 1983, katika kampuni ndogo ya Bwana Mwaura, ambayo sasa haipo. Kabla ya hapo kampuni ilileta fomu moja, ya Kiingereza, yenye mstari mmoja wa jina la mtunzi, na marehemu, kwa kuwa aliheshimu karatasi, aliipeleka Kilifi kwa baba yake mdogo, Thoya Kenga, aliyekuwa amejaza fomu za serikali kwa miaka thelathini na tatu, asiwahi kurudishiwa hata moja. Siku ilikuwa Jumamosi tarehe 15 Oktoba 1983, saa nne asubuhi. Thoya Kenga aliweka karatasi ya kaboni chini, kama alivyozoea, akaandika kwa utaratibu aliofunzwa alipoanza ukarani, yaani jina la baba kwanza, kisha alama ya kituo kidogo, ile tunayoiita koma, kisha jina la mwenyewe. Aliandika *Lewa*, akaweka koma, akaandika *Kenga*. Marehemu aliitazama, akasema, "Baba mdogo, hapa si umemwandika baba?" Thoya Kenga akamjibu, "Koma hiyo inajua kazi yake," na marehemu hakuuliza tena.

Wachapaji hawakuijali koma. Santuri ilitoka mwanzoni mwa Machi 1984, na kwenye karatasi yake ya duara, ya rangi ya samawati, kulikuwa na jina la wimbo, na chini yake, *Mtunzi na mwimbaji: Lewa Kenga*. Redio ilisoma ilichokiona. Bwana Hilal Abdulghani wa Malindi, fundi wa redio na rafiki wa marehemu, aliyeunakili wimbo huo kwenye kanda nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, aliandika majalada kwa mkono wake akifuata santuri, kwa maana alidhani rafiki yake amejichagulia jina la usanii, hivyo kosa moja la kalamu likawa makosa elfu.

Mwanzoni lilikuwa jambo la kucheka. Mzee Lewa alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, hajawahi kushika gitaa, na kila alipofika mangweni, pale wanywa tembo wanapokutana, watu walimpigia makofi. "Haya mzee, tupe kibao!" Naye akawajibu, "Gitaa langu liko juu ya mnazi, anayelitaka apande akalishushe." Mwingine akasema, "Umeimba tusikusindikize, basi leo utalewa na utarudi nyumbani peke yako," akajibu kwamba hilo alilizoea kabla ya santuri. Marehemu alipomjia kwa aibu kumweleza, mzee alimwambia, "Jina ni langu, na wewe ni wangu, hasara iko wapi?" Hata hivyo marehemu alisafiri mpaka Nairobi mwezi wa Juni, kwa gharama yake, akaomba lirekebishwe, na Bwana Mwaura akamwahidi, "Tutasahihisha chapa ya pili." Chapa ya pili haikutoka, kwa sababu kanda zilikuwa zimekwisha kuziua santuri, na kabla ya Krismasi kampuni ilikuwa imefunga milango.

Mwezi wa Agosti 1984 Mzee Lewa alianza kuumwa na tumbo, katika ukame ule ambao wengi waliumwa, na tarehe 9 Septemba 1984, siku ya Jumapili, akafariki nyumbani kwake. Alipokuwa amelazwa ndani, hajazikwa, redio ya jirani ilifunguliwa kwa habari, na kabla ya habari ukapigwa wimbo, na mtangazaji, asiyejua lolote, akasema, "Huyo ni Lewa Kenga, akituaga na Msinisindikize." Waliokuwa uani walilisikia. Mwanamke mmoja akamwondoa mtoto wake karibu na mlango. Tangu saa ile maneno yakaanza, kwamba kuna mtu amemfanya babake aage redioni akiwa hai, kwamba jina la mzee lilifungwa kwenye kile kitu cheusi likazungushwa mpaka likakatika, na kwamba umaarufu wa namna ile haupatikani bure.

Siku ya tatu ya matanga wazee waliketi. Mmoja wao, ambaye naye ametangulia mbele ya haki na hana haja ya kutajwa, alisema kwamba koma zimekasirika, yaani roho za babu zetu, akamwuliza marehemu Kenga mbele ya watu wote, "Ni nani aliyeandika jina la babako kwenye santuri?" Mama Dama alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimefunikwa. Thoya Kenga alikuwa ameketi upande wa kulia, kiti cha tatu, na ile nakala ya kaboni ilikuwa kwenye mkoba wake, kwa maana aliichukua asubuhi hiyo akijua kwamba itaulizwa. Marehemu aliinua macho akamtazama baba yake mdogo, akamngoja. Alimngoja muda wa kutosha mtu kusimama na kusema. Thoya Kenga hakusimama. Alikuwa karani asiyekosea, watu walimpelekea hati zao kutoka Takaungu, naye alifikiri juu ya hilo, na wakati akifikiri, marehemu akasema, "Ni mimi."

Hakusema uongo ili ajisifu, wala hakusema kwa woga. Alisema kwa sababu kwetu mwana hamwaibishi baba yake mdogo kwenye matanga, na kaka wa baba mdogo huyo akiwa bado hajamaliza siku za kuliliwa. Heshima hiyo ilimgharimu kila kitu alichokuwa nacho.

Mama Dama alikikataa chakula cha marehemu tangu siku hiyo, na sahani aliyoletewa kutoka nyumba ya mwanawe ilirudi ikiwa imefunikwa vile vile. Bi Monicah aliipokea kila mara, akaiosha, na kesho yake akaipeleka tena. Mangweni watu walihama benchi marehemu alipoketi, hata akaacha kwenda. Baa ya Mtwapa ilimwachisha, ikisema wateja wanaogopa. Wimbo wenyewe uliendelea kupendwa, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba, kwani watu waliokataa salamu yake asubuhi walikuwa wakiimba maneno yake jioni wakitwanga. Mwezi wa Desemba 1984 alitoa nyuzi zote za gitaa, akalitundika ukutani likiwa tupu, na Januari akaanza kazi ya kukata mawe katika timbo moja karibu na Takaungu.

Machi 1985 mtoto wa tatu alizaliwa. Desturi humpa mtoto wa kiume wa pili jina la ndugu wa babu yake mzaa baba, lakini hakuna ambaye angemlaumu marehemu kama angepita kando. Alituma ujumbe Kilifi wa maneno machache, "Baba mdogo, umezaliwa, ni mzima." Mtoto anaitwa Thoya. Thoya mkubwa alikuja kumwona baada ya miezi miwili, akaleta sabuni na shuka, akakaa nusu saa, akazungumza juu ya mvua, akaondoka, na marehemu akamsindikiza mpaka barabarani.

Vumbi la mawe liliingia kifuani. Mwezi wa Mei 1988 marehemu alianza kukohoa, mwezi wa Agosti akawa anatema damu, na tarehe 3 Oktoba akalazwa katika hospitali ya Malindi, ambako aligunduliwa kuwa na kifua kikuu kilichokwisha kukaa. Muuguzi, Bi Adhiambo, anasimulia kwamba siku moja redio ya wadi iliupiga wimbo huo, naye, akiwa ameambiwa na Bwana Hilal, akamwambia mgonjwa, "Wimbo wako huo, baba, tabasamu kidogo." Marehemu akamjibu, "Si wangu, dada, ni wa mwenye jina." Bi Adhiambo aliizima redio.

Jumamosi iliyopita, tarehe 12 Novemba, Thoya Kenga alikwenda hospitalini akiwa na ile nakala ya kaboni, miaka minne baada ya siku aliyotakiwa kuitoa. Aliifungua juu ya blanketi, akasema, "Mwanangu, ilikuwa koma." Marehemu aliitazama, akaanza kucheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika kwake tangu kifo cha babake, akasema, "Wazee walisema ni kazi ya koma, baba mdogo, kumbe hawakukosea!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika na Bi Adhiambo akaja mbio. Alipotulia, Thoya Kenga alimwomba radhi. Marehemu akamwambia, "Mimi nilikwisha kukusamehe. Mwambie mama." Hakuwa na usia mwingine. Alifariki Jumatatu, tarehe 14 Novemba 1988, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba na miezi saba.

Kwa hiyo, Mama Dama, shemeji, hii hapa karatasi. Wewe hukusomeshwa, kwa hivyo unasomewa mbele ya mashahidi hawa wote. Imeandikwa *Lewa*, ikafuatwa na koma, ikafuatwa na *Kenga*, na mwandiko ni wa Thoya Kenga, na sahihi iliyo chini ni ya Thoya Kenga, na tarehe ni 15 Oktoba 1983. Ilikuwa koma ya wino, si koma ya kaburini. Mwanao hakumtoa babake. Mwanao aliombwa jina la mkosaji, akatoa lake. Aliyekosa mara ya kwanza kwa kalamu, na mara ya pili kwa kunyamaza, ndiye huyu aliyesimama mbele yako, na kosa la pili ndilo kubwa. Ukiamua kumrudishia sahani kuanzia leo, ataipokea.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali ya Malindi, hasa Bi Adhiambo, aliyejua wakati wa kuizima redio. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa timbo la mawe, waliomchangia nauli na hawakuhama benchi. Inawashukuru majirani waliochimba kaburi hili katika ardhi ngumu, wakiwemo wale waliokuwa hawamsalimu, kwani wamefika. Inamshukuru Bwana Hilal Abdulghani, aliyefunga duka tangu Alhamisi, akakusanya kanda zote alizobaki nazo, ishirini na tatu, na akayafuta majalada moja baada ya jingine na kuyaandika upya. Inamshukuru zaidi Bi Monicah, kwa sahani zile.

Seremala alipoleta msalaba jana na kuuliza aandike nini, Thoya Kenga aliomba rangi na brashi akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, bila alama yoyote katikati: KENGA LEWA. Jina la mwenyewe limetangulia, la babake limefuata, na yeyote ajuaye kusoma ataona ni nani aliyelala hapa.

Kenga mwanetu, uliimba tusikusindikize, nasi mwaka ule wote tuliimba nawe bila kujua ni wewe. Kwa neno hilo moja tutakuasi leo. Mama yako amejifunga leso ya pili. Tunakusindikiza mpaka mwisho wa njia, na jina lako ni lako.

Pumzika kwa amani, Kenga Lewa.